Magari ya Kale Mwanza na Kanda ya Ziwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wanaouliza maswali haya ni watu wa aina tatu: aliyerithi gari lililokaa juu ya mawe nyuma ya nyumba, kijana anayetaka kununua Land Rover yake ya kwanza aifufue, na mwenye sanduku la vibao, vitabu na nembo asiyejua kama vina thamani yoyote. Nimejibu kwa kuangalia mazingira yetu: Mwanza, Geita, Mara, Kagera, Simiyu na Shinyanga. Niseme mapema ninachokiamini: historia ya gari ni sehemu ya gari. Kadi ya zamani, maandishi ya mlangoni na jina la mwenye gari wa kwanza vinastahili kutunzwa sawasawa na injini.

Gari huanza kuitwa la kale likiwa na umri gani?

Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966, linataka gari liwe na angalau miaka 30, liwe limetunzwa katika hali inayolingana na lilivyotoka kiwandani, na lisiwe tena usafiri wa kila siku. Kwa kipimo hicho hata Hilux za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zimeshaingia. Pickup ya 1988 inayobeba mkaa kila asubuhi bado ni gari la kazi, na hakuna ubaya katika hilo.

Ni magari gani yanapatikana zaidi huku kwetu?

Land Rover inaongoza kwa mbali. Ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, na bodi yake ilitengenezwa kwa alumini kwa sababu baada ya vita chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza. Kanda ya Ziwa ilikuwa na kazi nyingi za kuipa: maafisa wa wilaya, mabwana shamba wa pamba, mapadri wa misheni, na mgodi wa Mwadui ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Utakazokutana nazo zaidi ni Series II (kuanzia 1958), Series IIA (1961 hadi 1971) na Series III (kuanzia 1971), za 88 (fupi) na za 109 (ndefu), yaani inchi kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Ukitaka kuzitambua kwa haraka, angalia taa. Series II na IIA za mwanzo zina taa kubwa katikati, kwenye grili. Mwishoni mwa miaka ya 1960 taa zikahamia kwenye fenda. Series III ina grili ya plastiki, na mita zake zimehamishwa kutoka katikati ya dashibodi zikawekwa mbele ya dereva.

Zinafuata Peugeot. 404 ilitoka 1960 na jina lake lilijengwa na mashindano yaliyopita kwenye barabara zetu wenyewe. Safari Rally ilianza 1953 ikipitia Kenya, Uganda na Tanganyika, na 404 ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 yalianza magari 84 na yakamaliza saba tu, la kwanza likiwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Ushindi wa 1966 na 1967 ni wa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell. Ukikutana na mzee wa Mwanza anayeitaja 404 kwa heshima, ujue anakumbuka miaka hiyo. 504 ilikuja 1968, na pickup yake ilibaki kazini muda mrefu kuliko ndugu zake wote.

Volkswagen Beetle zipo, nyingi zikiwa zimetulia kwenye nyua za walimu na wauguzi wastaafu. Land Cruiser za mfululizo wa 40 (1960 hadi 1984) zinazidi kutafutwa. Malori ya Bedford yaliyosomba pamba ya vyama vya ushirika, enzi za shirikisho la Victoria lililoundwa 1955 na baadaye Nyanza, sasa ni adimu. Chesesi nzito kama zile ndizo zinazomvutia mnunuzi wa chuma chakavu kabla ya kitu kingine chochote. Ukijua Bedford ilipo, hata ikiwa kabini peke yake, ipige picha na uulize ilikuwa ya nani.

Jambo moja kuhusu karatasi: kabla reli ya Tabora haijafika Mwanza mwaka 1928, mizigo mikubwa ilishuka Mombasa, ikapanda treni hadi Kisumu, kisha ikavuka ziwa kwa meli. Uhusiano huo wa kibiashara na Kisumu na Nairobi uliendelea miaka mingi baadaye. Usiitilie shaka gari kwa sababu tu kitabu chake kina mhuri wa muuzaji wa Nairobi.

Ni kweli magari ya huku hayaozi kama ya Dar na Tanga?

Ni kweli kwa kiasi kikubwa. Maji ya ziwa letu ni baridi, hayana chumvi, na upepo wake hauli chuma kama ule wa bahari. Lakini Mwanza ina mvua za vuli na za masika, na gari lililokaa chini ya mwembe kwa miaka mingi huozea chini pasipoonekana. Kwenye Land Rover watu hudanganywa na alumini. Bodi inang'aa huku chesesi ya chuma imekwisha. Tena alumini ikigusana na chuma penye unyevu, alumini yenyewe huliwa na kuacha unga mweupe. Gonga kwa nyundo ndogo boriti ya nyuma ya chesesi, mikono inayoshika bodi pembeni, na sakafu ya miguuni mwa dereva. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya debe. Kwenye Beetle inua kiti cha nyuma uangalie chini ya betri, maana asidi hutoboa sakafu pale. Kwenye 404 angalia vizingiti vya milango na sehemu shokapu za mbele zinapojishika.

Kabla ya kutoa hela nikague nini?

Anza na namba, rangi itafuata. Soma namba ya chesesi kwenye kadi, kisha itafute kwenye gari lenyewe. Land Rover kuanzia Series II imegongwa namba kwenye sikio la springi ya mbele upande wa kulia. Sugua kwa brashi ya waya taratibu na umwagie mafuta kidogo, itasomeka. Beetle ina namba yake kwenye mgongo wa katikati wa sakafu, chini ya kiti cha nyuma, na ya injini iko kwenye bloku chini ya dainamo. Namba zisipooana na kadi, simama hapo hapo. Hakuna bei nzuri kiasi cha kukufanya uendelee.

Namba zikikubali, unaweza kuandikia makumbusho yanayotunza kumbukumbu za viwanda. British Motor Museum ya Gaydon hutoa vyeti vya Land Rover, Austin na Morris kutoka kwenye madaftari ya kiwanda, makumbusho ya Volkswagen ya Wolfsburg hutoa vya Volkswagen, na L'Aventure Peugeot ya Sochaux hutoa vya Peugeot. Cheti kinakuambia gari lilitengenezwa lini na, mara nyingi, lilikuwa na rangi gani na lilipelekwa wapi. Wanatoza ada, na inafaa kulipwa.

Mwenye jina kwenye kadi alishafariki. Nifanyeje?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote huku kwetu, na ndilo linaloharibu manunuzi mengi. Mzee alinunua gari mwaka 1974, amefariki, gari limebaki kwa mjane au kwa mtoto mkubwa, na kadi bado ina jina la marehemu. Mtoto mkubwa anakuambia, "Lete hela, gari ni letu." Usilete.

Mwenye mamlaka ya kuuza mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Familia inakaa kikao, inaandika muhtasari, inamchagua mtu, kisha mtu huyo anakwenda Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo kuomba usimamizi. Mahakama hutangaza ili mwenye pingamizi ajitokeze, na baada ya hapo hutoa barua ya uteuzi. Bila barua hiyo TRA haitahamisha umiliki, na siku ndugu aliyeko Bukoba au Nairobi akirudi na kudai haki yake utakuwa umekwisha kutengeneza gari la watu.

Mnunuzi mwenye nia njema anaweza kusaidia. Lipia nauli na gharama za mahakama kwa makubaliano ya maandishi kwamba zitakatwa kwenye bei. Kaeni na familia yote, mjane akiwepo. Mwamkie, keti, sikiliza. Mara nyingi mjane ndiye anayejua gari lilinunuliwa wapi, nani alijifunzia udereva humo, lilimpeleka nani hospitali usiku gani. Omba ruhusa uyaandike. Uliza kama kuna picha, kitabu cha gari, leseni ya zamani ya marehemu. Wakikataa kuachia picha, zipige kwa simu uwarudishie palepale. Familia inayoona unamheshimu mzee wao itakupa hata funguo za akiba zilizosahaulika kabatini.

Kadi imepotea lakini mwenye gari yupo hai.

Hiyo ni rahisi. Yeye mwenyewe, siyo wewe, atoe taarifa ya upotevu polisi kisha aombe kadi nyingine TRA. Subiri kadi itoke ndipo ulipe. Gari lililokaa muda mrefu linaweza kuwa bado na usajili wa mfumo wa zamani wa namba zinazoanzia na TZ. Litahitaji kuingizwa kwenye mfumo wa sasa na kukaguliwa na polisi wa usalama barabarani. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, lakini uliza TRA kama kuna deni lolote dhidi ya namba hiyo.

Na gari la serikali au la shirika la umma?

Nunua kwenye mnada uliotangazwa, na usiondoke bila hati zote za mnada. Mtu binafsi anayekuuzia Land Rover yenye namba za serikali bila hati hizo anakuuzia kesi.

Nalisafirishaje gari lisilotembea?

Kwa brekidauni au juu ya lori, usilivute kwa kamba. Matairi yaliyokauka hupasuka na breki zilizoshika huwaka moto. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kulileta gari kutoka Sengerema, Geita au Chato hakuhitaji tena foleni ya kivuko. Ukerewe bado ni maji: ama Rugezi–Kisorya ama meli kutoka Nansio, na uwaambie mapema wa kivuko kwamba gari halina breki ili wapange namna ya kulifunga.

Injini imeganda. Naiwashaje?

Usiiwashe. Hamu ya kusikia mlio siku ya kwanza imeua injini nyingi zilizokuwa zinaokoleka. Fungua plagi zote, mimina ndani ya kila silinda mafuta ya giaboksi ya otomatiki yaliyochanganywa na asetoni au hata dizeli, uache siku kadhaa ukiongeza. Kisha zungusha kwa mkono. Land Rover ina tundu la hendeli mbele, na hiyo ni baraka. Sukuma kidogo mbele, kidogo nyuma, bila kulazimisha. Ikizunguka, mwaga oili yote, fungua sampu usafishe tope, weka oili mpya na chujio jipya, zungusha bila plagi mpaka presha ya oili ipande. Ndipo ufikirie cheche.

Petroli iliyomo kwenye tanki ni takataka. Imwage mbali na moto. Tanki la chuma lenye kutu linaweza kusafishwa kwa umeme: maji, soda ya kufulia (sodiamu kaboneti), chaja ya betri, na kipande cha chuma cha kawaida kwenye waya chanya. Usitumie chuma kisichoshika kutu kwenye waya chanya, kwa sababu hutoa sumu ya kromiamu ndani ya maji. Fanya kazi hiyo nje, maana inatoa haidrojeni inayolipuka. Na usiweke kitu chochote cha alumini humo, kitaliwa.

Kabla ya kuunga betri hakikisha unajua umeme wa gari lako. Land Rover nyingi za kabla ya 1967 zina upande chanya wa betri kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo. Beetle nyingi za miaka hiyo ni za volti 6. Fundi kijana asiyelijua hilo ataunguza dainamo na redio kwa dakika moja.

Petroli ya leo inafaa kwa injini ya 1962?

Inafaa ukiwa mwangalifu. Petroli yenye risasi iliachwa kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006. Risasi ile ilikuwa inalinda viti vya valvu, na kwenye injini zenye viti laini vya chuma cha kusubu, bila risasi valvu huzama taratibu. Kama unatembea polepole mwisho wa wiki, utakwenda miaka. Siku hedi ikifunguliwa kwa sababu nyingine, mwambie fundi wa kuchonga akuwekee viti vigumu. Pima nafasi za valvu mara kwa mara. Zikiendelea kupungua bila sababu, viti vinaliwa.

Pia kumbuka Mwanza iko kwenye mwinuko wa mita 1,134 kwa usawa wa ziwa, na zaidi ukipanda vilima. Hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko Dar. Kabureta iliyosetiwa pwani huku inazidisha petroli: plagi zinakuwa nyeusi, gari linanusa, linakunywa. Seti upya mchanganyiko na uisogeze taiming mbele kidogo.

Mafundi wananishauri nitoe injini ya Land Rover niweke ya Toyota au Isuzu. Nikubali?

Nawaelewa wanaoshauri hivyo. Injini ya Toyota ina spea kila kona ya Nyakato, haivuji, haisumbui. Kwa gari la kazi shambani ni uamuzi wa maana. Kwa gari unalotaka kulihifadhi, nakuomba usikubali. Injini ya petroli ya lita 2.25 ya Land Rover ni rahisi kuliko karibu kila kitu kinachopita barabarani leo. Shida zake nyingi ni pointi, kondensa, pampu ya petroli na rejeta iliyoziba. Vitu hivyo vyote vinapatikana na havina gharama ya kubadilisha injini, kukata vishikio na kutafuta giaboksi itakayoshikana nayo.

Kama ilishabadilishwa kabla hujanunua, usikate tamaa. Hakikisha namba ya injini iliyopo imeandikwa kwenye kadi. Kisha uliza ile ya zamani ilikwenda wapi, kwa sababu nyingi bado zipo kwenye kona za gereji zikiwa zimefunikwa magunia. Na kama ni lazima ubadilishe, usikate chesesi. Tengeneza vishikio vya kufunga kwa bolti ili anayekuja baadaye aweze kurudisha.

Nilipake rangi upya?

Hapa ndipo ninapobishana na watu wengi, na sitaacha. Rangi ya kwanza ikishasuguliwa hairudi. Nimeona mlango wa Land Rover wenye jina la parokia lililoandikwa kwa brashi, herufi zimefifia lakini zinasomeka, ukipigwa msasa asubuhi moja kwa sababu mwenye gari alitaka ling'ae kwa ajili ya harusi. Kilichofutika pale kilikuwa ushahidi wa kazi ya miaka: chanjo, mitihani, wagonjwa, mbegu. Duka lolote linauza kopo la rangi ya kijani. Maandishi yale hayauzwi popote.

Kwa hiyo osha kwanza. Maji, sabuni laini, kitambaa, subira. Kisha pakaa nta. Utashangaa rangi inavyofufuka. Ukikuta kutu ya juu, itibu pale ilipo. Kulipaka gari lote iwe hatua ya mwisho, pale ambapo rangi ya asili imeshakwisha au imeshafunikwa na tabaka za baadaye. Na hata hapo, acha eneo dogo lililofichika, ndani ya dashibodi au chini ya kiti, libaki na rangi ya kwanza ili yeyote aweze kulinganisha.

Ukiamua kupaka, mkataze fundi bodi kujaza puti palipooza. Akate, achomelee bati jipya, asawazishe, ndipo puti kidogo ipite juu. Sumaku ndogo itakuonyesha mahali bati la chuma lilipofichwa chini ya puti, ingawa kwenye alumini haitakusaidia.

Usalama: rangi za zamani nyingi zina risasi, hivyo piga msasa wa maji, vaa barakoa, watoto wakae mbali. Lainingi za breki na klachi za enzi hizo zina asbesto. Usipulize vumbi lake kwa kompresa hata mara moja. Futa kwa kitambaa chenye maji na ukifunge kwenye mfuko.

Spea napata wapi?

Land Rover ndiyo rahisi zaidi, bado zinatengenezwa Uingereza na India, na Nairobi kuna wauzaji. Beetle ilitengenezwa Mexico hadi Julai 2003, kwa hiyo spea zake hazijapotea. Tairi za 7.50-16 za Land Rover ndefu zipo mjini. Peugeot 404 ni ngumu: raba za vioo, taa na mapambo huenda ukavitafuta hadi Burundi na Rwanda. Kumbuka magari ya huko usukani uko kushoto, hivyo si kila kitu kitaingia kwenye la kwetu.

Kisichopatikana kinachongwa. Mafundi wa leth mashine wa Nyakato wanatengeneza bushi, shafti na bolti za nyuzi za zamani ukiwapelekea sampuli. Makoroboi kuna mikono iliyozoea bati tangu enzi za kutengeneza vibatari. Kwa vifuniko, mirija na mabomba madogo usiwapite. Lakini usichongeshe kitu cha breki au cha usukani. Hivyo nunua vipya.

Nimtafute fundi wa namna gani?

Mstaafu. Aliyefanya kazi kwenye gereji za serikali, misheni, mgodini au kwenye ushirika. Hata kama mikono imechoka, mlete akae kwenye kiti aelekeze, na umpatie kijana wa VETA wa kufanya. Mlipe mzee kama mtaalamu, usimpe hela ya soda. Piga picha kila kitu kabla hakijafunguliwa, nati ziwekwe kwenye makopo yenye majina, malipo yawe kwa hatua. Gari lililofunguliwa lote na fundi akahama ni hasara ambayo hakuna anayetaka kuinunua.

Naweza kuagiza gari la kale kutoka nje?

Unaweza, ila piga hesabu kwanza. Ushuru wa forodha ni 25% ya thamani pamoja na usafiri na bima, VAT ni 18%, na kwa magari ya abiria yaliyozidi miaka kumi kuna ushuru wa uchakavu wa 30%, bado ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini. Viwango huguswa kwenye bajeti ya Juni, kwa hiyo uliza TRA kabla ya kutuma hela. Gari lililosajiliwa Kenya au Uganda nalo linatozwa likiingia kwa Sirari au Mutukula. Ndiyo maana nasema tuanze na yaliyopo Magu, Misungwi na Ukerewe.

Bima je?

Ya watu wengine ni lazima. Ukitaka bima kubwa, usikubali thamani ya kuchakaa. Peleka ripoti ya mthamini na picha, mkubaliane thamani kwa maandishi ndani ya mkataba. Kampuni nyingine hukataa. Nenda kwa inayokubali.

Sina gari, ila nakusanya vitu. Vipi vina thamani?

Karibu, maana bila ninyi nusu ya historia ingekuwa imeshachomwa. Vinavyotafutwa ni vitabu vya gari na vitabu vya ufundi, ramani za barabara zilizotolewa na kampuni za mafuta, mabango ya enameli ya vituo vya petroli, makopo ya oili, nembo za grili, vibao vya namba vya zamani, leseni za udereva za enzi za Tanganyika, stika na vipeperushi vya Safari Rally, hata vigari vya kuchezea vya Dinky na Matchbox. Tiketi na stakabadhi za East African Railways and Harbours, shirika la reli na bandari lililodumu kuanzia 1948 hadi lilipogawanywa 1969, zinaeleza jinsi magari yalivyovushwa ziwani.

Mimi naweka picha mbele ya vyote. Picha ya familia imesimama mbele ya Peugeot, nyuma yake kuna mhuri wa studio na tarehe, ina habari ambayo hakuna nembo inayoweza kubeba. Andika nyuma kwa penseli laini majina ya waliomo, angali yupo anayewajua. Usiilaminishe karatasi yoyote. Laminesheni haitoki, na joto lake huharibu wino. Tumia bahasha za karatasi, sanduku lenye mfuniko, mbali na ukuta wenye unyevu, na ukague mchwa kila mwezi.

Kuhusu bandia: bango halisi la enameli ni zito, rangi zake zina tabaka unazozihisi kwa kidole, na palipobanduka panaonekana chuma cheusi. La bandia ni bati jepesi lililochapwa, kutu yake imepakwa, na matundu ya misumari hayana alama ya kuchakaa. Na tafadhali usinunue alama za barabarani, vibao vya reli wala vifaa vya meli ambavyo mwuzaji hawezi kueleza alivipataje. Hiyo ni mali ya umma, na kila unaponunua unamtuma mwingine akang'oe.

Mnunuzi wa chuma chakavu amenipa bei kwa kilo. Niuze?

Usiuze leo. Najua hela inahitajika, karo haisubiri. Lakini kabla ya gesi kuanza kukata, piga picha namba ya chesesi, nembo, dashibodi na pande zote nne, uzitume kwenye makundi ya wapenzi wa magari ya kale. Hata gari lisilofufuka lina usukani, mita, taa, vioo na giaboksi, na kila kimoja kinaweza kumfufua mwenzake. Kwa kilo unalipwa chuma tu, na bodi ya alumini ya Land Rover mara nyingi inapimwa pamoja na chuma kwa bei ya chuma. Mwenye shida ya kweli anapata zaidi kwa njia hii, na gari linapona.

Nataka kuuza gari langu lililokamilika. Nipange bei vipi?

Usipange kwa ulichotumia, maana matengenezo karibu siku zote huzidi bei ya soko. Panga kwa hali ya chesesi, uasili wa injini, ukamilifu wa karatasi, na historia inayothibitika. Tengeneza faili: nakala ya kadi, cheti cha kiwanda, risiti, picha za kabla na baada, majina ya waliowahi kulimiliki kwa ruhusa yao. Faili hilo ndilo litakalokutetea mnunuzi akianza kushusha.

Sema kasoro zote kabla hajaziona. Dalali akihusika, kamisheni yake iandikwe mapema na ajue nani anamlipa. Mkataba usainiwe mbele ya wakili, malipo yapite benki, na uhamisho wa umiliki ufanyike kabla funguo hazijakabidhiwa, la sivyo faini za barabarani zitaendelea kuja kwa jina lako. Mnunuzi wa nje ya nchi anayetaka kukulipa zaidi ya bei ili umrudishie chenji ni tapeli, mwache.

Naweza kulikodisha kwa harusi?

Ndiyo, na linaweza kujilipia matengenezo yake. Maharusi wanapenda kupiga picha Capri Point na nyuma yao Jiwe la Bismarck, na Beetle au 404 inapendeza pale. Mwambie wakala wa bima kwamba gari linakodishwa, na uulize LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kuhusu leseni. Dereva uwe wewe au mtu aliyezoea gari hilo. Klachi ya miaka sitini haijifunziwi siku ya harusi. Mapambo yafungwe kwa utepe, gundi isiguse rangi. Angalia maji ya rejeta kabla ya msafara, kwa sababu mwendo wa honi na vigelegele ni wa polepole na feni ya zamani haipozi vizuri gari likienda taratibu kwenye jua la saa nane.